Sura ya Sita: Hapa Hakupiga Hodi

"Nyoka hashtakiwi," mkuu wa upelelezi alimwambia Inspekta Mwanaharusi asubuhi ile mjini Musoma, akalisukuma jalada la marehemu Gody mpaka ukingoni mwa meza. "Daktari ameandika kifutu. Kifutu hana anwani wala mdhamini. Lifunge, kuna kesi za binadamu zinakungoja."

"Naomba leo tu, afande."

"Leo ya nini?"

"Nimemwahidi mama yake jibu."

Mkuu alilalamikia mafuta ya gari, akalalamikia barabara, mwishowe akatia saini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hupenda majalada membamba.

Mwanaharusi alikuwa binti wa muuza nyavu wa Mwigobero. Alikulia sokoni, ambako anayekuharakisha ufunge gunia ndiye wa kufunguliwa tena gunia lake likaguliwe. Na jalada hili lilikuwa halijakaguliwa vya kutosha.

Huyu Gody alikuwa na kazi iliyowachekesha watu wa mjini. Alizunguka vijijini na baiskeli akitafuta mahali pa kulala bure: penye kivuli, maji ya karibu na ardhi laini, pasipo geti wala mlinzi wala tiketi, ambapo msafiri angepiga hema lake jioni na kuling'oa asubuhi bila kumkera mtu. Akishapata, aliwapeleka huko wale wageni wanaosafiri kwa baiskeli kutoka nchi za mbali, waliochoka kulipia kila kiwanja chenye bomba la maji. Watu walimtania kwamba ana chumba na kitanda Musoma lakini anakwenda kulala na mijusi kwa hiari yake. Naye alicheka nao. Kila alipopata mahali alimtumia rafiki yake Jumanne, fundi baiskeli wa Mwigobero, ujumbe wa sauti kumweleza palivyo. Jumanne alizikabidhi sauti zote polisi huku machozi yakimdondokea kwenye mikono yenye grisi.

Mwili wa Gody ulikutwa Mugeta, wilaya ya Bunda. Aliyeukuta ni mzee mmoja aitwaye Wambura, asubuhi, ukingoni mwa shamba lake la mtama, na ni yeye mwenyewe aliyekwenda kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mguu ulikuwa umevimba, kwenye kifundo palikuwa na alama mbili za meno, na juu yake kipande cha shati kilichofungwa kwa nguvu. Hema lilikuwa ng'ambo ya shamba, ndani ya mahame, boma la zamani lililohamwa likabaki na ua wake wa minyaa. Kutoka hemani nyasi zilikuwa zimelala, kwanza kuelekea kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya boma, halafu zikageuka kuelekea nyumbani kwa Wambura. Mtu aliyejiburuta kiasi kile hakujiburuta kimyakimya. Lakini Wambura na mkewe walisema hawakusikia kitu.

Na mama yake marehemu, Anastazia, alipokuja kituoni hakuuliza fidia wala siku ya kukabidhiwa mwili. Alikaa kwenye benchi, kitenge amekibana magotini, akauliza neno moja tu.

"Afande, mwanangu aliita? Na kama aliita, nani alimsikia?"

Mwanaharusi akamwambia atamletea jibu. Ahadi ni deni, na deni la mfiwa halikuachi ulale.

Walianzia Mugango, kwa sababu ujumbe wa kwanza wa safari ile ya mwisho ulitoka huko. Koplo Pastory, kijana wa Butiama aliyezaliwa katikati ya mihogo na ng'ombe, ndiye aliyeendesha. Walimkuta Bernado, mvuvi anayelima, akigeuza dagaa zake juani.

"Huyo ndugu namjua," Bernado alisema. "Alikuja jua linazama, akasimama kule kwenye mkonge, akapiga hodi mpaka mbwa wakachoka. Hakusogea mpaka nilipomwambia karibu."

"Alitaka nini?"

"Ruhusa. Anasema, mzee, naomba kulala pale kwenye jiwe lako. Nikamwambia kitanda kipo. Anasema kitanda ninacho nyuma ya baiskeli." Bernado alitabasamu, kisha akakumbuka walikuja kwa ajili ya nini na tabasamu likamwishia. "Akampa mama watoto nusu ya sukari. Asubuhi tukakuta mafiga ameyarudisha alikoyatoa, na majivu ameyafukia. Ungesema hakulala mtu."

Butiama walimkuta mama mjane aitwaye Matrida, naye maneno yake yalikuwa ndugu wa yale ya Bernado. Hodi ya mbali, nusu ya sukari, mafiga yaliyorudishwa.

"Kwanza alitaka kulala pale juu, kwenye majani mazuri," Matrida alisema. "Nikamwambia pale hapana, ng'ombe za watu zinapitaga alfajiri, zitakukanyaga. Hakubisha. Akang'oa hema lake akahamia huku chini." Alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Mwambie mama yake kwamba alimlea."

Ndani ya gari Pastory alishindwa kujizuia. "Afande, sasa tunafuatilia sukari?"

"Tunafuatilia hodi," Mwanaharusi alimjibu. "Mtu huyu hakulala popote bila kumuuliza mwenyeji. Akikatazwa, anahama. Shika hilo."

Kituoni Bunda walikuwa wamemshikilia Fredi, mkazi wa Mugeta, aliyekamatwa mnadani akiuza baiskeli ya marehemu. Kabla daktari hajaandika habari za nyoka, Fredi alikuwa ndiye muuaji kwa kila mtu pale kituoni. Sasa alikuwa mwizi tu, na hilo lilimfurahisha kiasi cha kumfanya mwepesi wa kusema.

"Uliitoa wapi baiskeli?"

"Niliikuta asubuhi imeegemea minyaa ya mahame, afande. Sikujua kama ina mwenyewe."

"Baiskeli isiyo na mwenyewe umeionea wapi?"

Fredi alijikuna shingo. "Pale hapana mtu. Ile boma sisi hatuingiagi. Hata mbuzi zikiingia tunaziita tukiwa nje. Hiyo baiskeli niliivuta kwa mti mrefu, mguu wangu haukuvuka minyaa."

"Kwa hiyo kuiba si kosa, kosa ni kuingia."

Fredi aliinamisha kichwa. "Wazee walikatazaga. Pale alikufa mzee Makuru, halafu mtoto wake Burito akamfuata haraka haraka. Wamezikwa humo humo. Aliyebaki ni Wambura, mtoto mwingine wa Makuru, na yeye akahama akajenga huku ng'ambo ya shamba."

"Mgeni akikuuliza pa kulala, utamwonyesha pale?"

"Mimi? Nitamwambia aje alale na mbuzi zetu. Hakuna mtu Mugeta angemwonyesha pale."

Mwanaharusi alikwenda stoo ya vielelezo. Miongoni mwa vitu vya marehemu palikuwa na blanketi jipya la kahawia, bado limo kwenye nailoni yake, na kopo la ugoro lisilofunguliwa. Jumanne alikuwa amekwisha kuapa kwamba Gody hakuwahi kunusa ugoro maishani mwake. Inspekta alisaini, akavichukua vyote viwili.

Walifika kwenye mahame jua likiwa bado kali. Minyaa ilikuwa imekua mirefu kupita paa la nyumba, imefunga pande zote ila pengo moja la mlango wa zamani. Ndani palikuwa pazuri, hilo halikufichika. Palikuwa na kivuli, ardhi tambarare iliyoshindiliwa na miguu ya ng'ombe wa zamani, na upepo haukupita. Kama ungekuwa na hema mgongoni na hujui habari za pale, ungemshukuru Mungu na kushusha mzigo.

Karibu na matundu ya vigingi vya hema palikuwa na makaburi mawili ya mawe. Mwanaharusi alichuchumaa.

"Pastory, nani kayapalilia haya?"

"Labda mzee Wambura."

"Fredi amesema hakuna anayeingia." Alinyanyua kishungi cha magugu kutoka kwenye lundo pembeni. Yalikuwa yamenyauka lakini hayajaoza, na mizizi bado ilishika udongo. "Haya hayajapita wiki mbili. Aliyelala hapa ndiye aliyeyang'oa. Na mlango wa hema kauelekeza hukuhuku kwenye makaburi."

"Mtu wa heshima. Aliona makaburi machafu akasafisha."

"Mtu wa heshima anayeona makaburi anahama, kama alivyohama Butiama alipoambiwa habari za ng'ombe. Mgeni hapalilii kaburi la watu." Alisimama, akautazama moshi wa jikoni kwa Wambura ng'ambo ya mtama. "Nyumba ile pale inaonekana. Na yule mtu aliyepiga hodi mpaka mbwa wakachoka hakwenda kuuliza. Angeuliza, angekatazwa. Wewe ukirudi kwenu Butiama unapiga hodi?"

Pastory alimkodolea macho. "Kwetu? Napiga kelele tu wajue nimefika."

Mwanaharusi alitoa simu akacheza ujumbe wa mwisho wa Gody. Polisi wote walikuwa wameusikiliza, na wote walidhani mzee anayetajwa mle ni mwenyekiti wa kijiji. Sauti ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, inayovuta maneno polepole.

"Jumanne, leo sikutumii mahali. Nimefika pazuri kuliko kote, lakini hapa si pa kila mtu. Nimepanda jiwe kutafuta mtandao. Kesho asubuhi nina mzee wa kumwamkia, niombee."

Mtandao haukushika pale chini, kwa hiyo na wao wakapanda jiwe lilelile nyuma ya boma. Mwanaharusi alipanda kwa mikono na miguu, akaelewa kwa nini mtu mwenye mguu uliovimba alijaribu kulifikia akashindwa, akageukia kwenye nyumba. Juu kabisa akampigia Anastazia.

"Mama, Mugeta ni kwa nani?"

"Kwa baba yake," Anastazia alisema. "Mume wangu alikuwa Burito wa mzee Makuru."

"Mbona hukutuambia?"

"Aibu, afande. Burito alipofariki, ukoo ulisema nirithiwe na shemeji yangu Wambura. Sikumchukia, lakini nilikuwa sitaki. Nikambeba mtoto alfajiri nikaondoka. Alipokua akawa ananiuliza kwao ni wapi. Nikamwambia wamekufa wote, hakuna kitu cha kwenda kutazama." Alipumua. "Hiyo kazi yake ya kutafuta mahali pa kulala, mimi nilijua anatafuta nini. Alikuwa anakumbuka minyaa na jiwe. Mtoto mdogo vile, akakumbuka jiwe."

"Gody ni jina la nyumbani?"

"La ubatizo. Nyumbani ni Makuru. Amerithi jina la babu yake. Ndiyo maana Wambura alimpenda kupita kiasi. Alikuwaga anambeba begani anamwita baba. Na mtoto anamwita yeye mwanangu. Walikuwa wanachekesha boma zima." Sauti ya mama ikaanza kukatika. "Aliita, afande? Umejua?"

"Nipe mpaka jioni, mama."

Pastory alisikia yote, na uso wake ukawa wa askari. "Afande, hii si nyoka tena. Shamba hili lote ni la Makuru. Mjukuu mwenye jina lake amerudi. Mzee anamsikia analia mlangoni, anamjua ni nani, anajigeuza upande wa pili. Anangoja asubuhi aende kuripoti mgeni amekufa."

"Kama alimjua, maneno yako ni kweli, na nitamshika mimi mwenyewe."

"Na kama hakumjua?"

Mwanaharusi alianza kushuka, akitangulia.

Kwa Wambura walipiga hodi ya kwanza, ikapita. Walipiga ya pili. Mlango ulifunguka kidogo, mama mzee aitwaye Wegesa, mke wa Wambura, akachungulia, akawatazama miguu mpaka kichwa juani, ndipo akasema karibu. Kwenye kizingiti palikuwa na mstari wa majivu, na haukuwa wa zamani. Mwanaharusi aliuvuka bila kuukanyaga. Ndani, pembeni ya mlango, palisimama kinu kikubwa cha kutwangia.

"Shikamoo mama. Kinu siku hizi kinalala sebuleni?"

Wegesa alimtazama mumewe. Wambura alikuwa ameketi kwenye kigoda, mzee mrefu aliyekonda, koti lake limechakaa viwikoni.

"Jikoni kuna mchwa," alisema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Tulisema yote kwa wale wa kwanza. Tulikuwa tumelala."

"Mlilala vizuri?"

"Vizuri."

"Na mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Yule pale nje. Mtu amejiburuta kutoka kwenye minyaa mpaka kwenye mtama wako, na mbwa naye alilala vizuri?"

Wegesa akaanza kukunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mwanaharusi angeweza kuendelea hivyo mpaka jua lizame, na mzee angeendelea kusema amelala. Alitoa simu, akaiweka juu ya kinu, akabonyeza bila kusema ni nini.

"Jumanne, leo sikutumii mahali..."

Maneno hayakufika katikati. Wegesa alipiga magoti akafunika kichwa kwa kanga. Wambura alisimama, kigoda kikaanguka nyuma yake, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Zima," alisema. "Zima hiyo kitu."

Mwanaharusi alizima. "Ni nani huyo, mzee?"

"Umeipata wapi sauti ya baba yangu?"

Pastory, aliyekuwa amekwisha kuweka mkono kwenye pingu, aliutoa.

"Baba yako yuko wapi?" Mwanaharusi aliuliza taratibu.

"Amelala kule kwenye minyaa. Mimi ndiye nilimzika." Mzee alipapasa ukuta akaketi chini, kwenye sakafu, kana kwamba kigoda hakipo tena duniani. "Kwa hiyo na ninyi mmemsikia."

"Tuambie wewe ulivyomsikia."

Wambura aliongea akitazama mlango.

"Usiku ule mbwa hakubweka, alilia. Halafu ikatoka kule, mbali. 'Mwanangu Wambura.' Nikasema naota. Ikaja karibu. 'Mwanangu Wambura, nifungulie, mguu wangu.' Baba alikufaga na mguu, binti yangu. Kidonda, kilimla mpaka kikammaliza. Sauti ni hiyo hiyo uliyoweka hapo. Mguu ni huo huo. Na hakuna mtu duniani ananiitaga mwanangu, wote walionizaa wamekwisha." Alimeza mate. "Mfu akikuita usiku ukaitika, unaondoka naye. Tumefundishwa tangu wadogo. Nikasukuma kinu kwenye mlango, nikamwaga majivu kizingitini asivuke. Mama huyu alitaka kuitika, nikamziba mdomo kwa mkono."

"Nilitaka kuitika," Wegesa alisema kutoka ndani ya kanga.

"Iliita sana?"

"Mpaka ikachoka. Mwisho ikasema polepole, 'Basi mwanangu, lala.' Haikuita tena."

Katika kazi yake Mwanaharusi alikuwa amesikia maneno mengi ya mwisho, mengine ya laana, mengine ya kutaja majina ya wauaji. Hayo aliweza kuyaandika. Haya yalimshinda, akaiweka kalamu chini.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikatoka nikamkuta yule mgeni wa watu. Nikajua kilichotokea. Baba alinikosa mimi, akamchukua mpita njia." Macho ya mzee yalijaa. "Hilo nisingeweza kuliambia polisi. Mngenicheka, au mngenifunga. Lakini sijala chakula kikashuka vizuri tangu siku ile. Mtoto wa watu amekufa kwa zamu yangu."

Pastory alimtazama mkubwa wake. Sasa palikuwa na njia mbili tu: kuondoka na kumwacha mzee na mfu wake, au kumwambia. Mfu ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi kubeba. Lakini Anastazia alikuwa anangoja jibu, na jibu lilikuwa limo ndani ya chumba hiki, haliwezi kutolewa bila mwenyewe kujua.

"Mzee, yule hakuwa mpita njia. Gody ni jina lake la ubatizo. Jina la nyumbani ni Makuru."

"Makuru wa nani?"

"Wa Burito na Anastazia."

Wambura hakulia. Aliutazama mlango, akakitazama kinu, kisha mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu ukashika bega la kulia, ukabaki hapo.

"Yule mdogo?"

"Yuleyule."

"Walisema alikufa mjini. Mama yake hakuleta habari, tukasema wamekufa."

"Alirudi. Alipalilia kaburi la baba yake na la babu yake. Asubuhi alikuwa anakuja kukuamkia. Hivi alikuletea wewe." Mwanaharusi aliweka blanketi na kopo la ugoro sakafuni mbele yake. "Nyoka alimwahi. Akajiburuta kuja kwa mtu pekee aliyemjua, akakuita kama alivyokuwa akikuita zamani."

Wegesa sasa alikuwa analia kwa sauti, kilio kile cha akina mama wa msibani ambacho huanza chini kama kuhema. Mbwa nje akamwitikia.

"Alidhani nimemkataa," Wambura alisema. "Kwa sababu ya mambo ya mama yake. Alilala pale akidhani nina kinyongo na yeye." Alinyoosha mikono yote miwili kwa Pastory, viganja juu. "Nifungeni."

"Hakuna sheria ya kukufunga, mzee," Mwanaharusi alisema.

"Ingekuwepo ingekuwa nafuu."

Mwanaharusi hakuwa na swali lingine, na alijua kwamba mbele ya wazee wale wawili hana pole inayotosha. Aliisema hata hivyo, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, kisha akainuka.

"Mama yake yuko hai?" mzee aliuliza.

"Yuko Musoma. Aliniuliza kitu kimoja, kama mtoto aliita na kama kuna aliyemsikia. Nimemwahidi jibu jioni hii."

"Utamwambia nini?"

"Sijui bado."

Wambura aliinuka kwa kushika kinu. "Usimwambie wewe. Ni neno langu. Nipelekeni mahali simu inashika."

Alilitoa blanketi kwenye nailoni, akalikunja, akaliweka begani. Walivuka mtama, wakapita pale nyasi zilipokuwa zimelala, na mzee akapakwepa kwa kuzunguka mbali. Kwenye pengo la minyaa alisimama. Hakuwa amelivuka tangu alipohama. Pastory alitaka kumshika mkono, Mwanaharusi akamzuia. Baadaye Wambura akaingia mwenyewe, akaenda mpaka kwenye makaburi, akayaona mawe yalivyo safi. Aliinama akaokota jani moja lililokuwa limedondokea kaburi la Burito, akalitupa pembeni.

Kupanda jiwe kulimchukua muda. Alikataa kusaidiwa. Juu kabisa aliketi, blanketi bado liko begani, Mwanaharusi akapiga namba na kumpa simu. Ilipokelewa mara moja, maana upande wa pili kulikuwa na mtu ambaye hakuwa ameiweka chini tangu mchana.

"Shemeji," mzee alisema. "Ni Wambura." Akasubiri, akaendelea. "Mtoto aliita. Aliniita mimi. Nilimsikia, shemeji, nikafunga mlango. Nilidhani ni baba yangu. Nilidhani ni mfu."

Inspekta na koplo walisogea pembeni, lakini juu ya jiwe hakuna pembeni ya kutosha. Waliisikia pumzi ya Anastazia ndani ya simu, ikivutwa na kuachiwa. Mwanaharusi alijiandaa kusikia matusi, na moyoni mwake hakuwa na sababu ya kuyazuia.

"Na mimi nilimwambiaga ninyi ndio mmekufa," Anastazia alisema mwishowe. "Wote. Nilimwambia mmekwisha."

Wambura aliinamisha kichwa mpaka simu ikagusa blanketi. Hakukata, wala upande wa pili haukukata. Chini yao moshi wa jikoni kwa Wegesa ulikuwa umekoma, na mlango wa nyumba, waliweza kuuona kutoka pale juu, ulikuwa umeachwa wazi.

Mwanaharusi alimgusa Pastory begani, wakaanza kushuka polepole, wakiwaacha wenyewe waongee.